Nilivyozipima probu zangu za megahetsi 100

Kilichonifanya nizipime probu hizi, yaani waya za kugusia saketi za osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini), ni bodi ya mashine ya kufulia. Kila nilipogusa mguu wa kristali yake ya megahetsi 8 (kijiwe kinachotoa mapigo ya kuiongoza bodi), skrini ilikuwa kimya, nami nikabadilisha kristali mara mbili. Kumbe ilikuwa nzima. Swichi ya probu ilikuwa kwenye X1 (hapo volti hupita bila kugawanywa; kwenye X10 hugawanywa kwa 10), na hapo ncha ilikuwa ikiongeza zaidi ya pikofaradi 100 za kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) kwenye mguu uliopangiwa kapasita ya pikofaradi 22. Probu ndiyo iliyokuwa ikiizima.

Ni jozi ya bei ndogo, X1/X10. Nimezitumia miezi minne kwenye osiloskopu ya megahetsi 200.

Nilianza na mita ya kawaida, probu ikiwa imechomolewa. Kutoka nchani hadi pini ya kati ya BNC (plagi inayoingia kwenye osiloskopu), kwenye X10 nilisoma megaomu 9, na ndivyo inavyotakiwa: hizo pamoja na megaomu 1 ya osiloskopu ndizo zinazogawa volti kwa 10. Kwenye X1 nilisoma omu 260. Usidhani waya umeoza. Waya wa kati wa probu hutengenezwa kwa makusudi uwe na ukinzani, ili mawimbi yanayorudi yafe njiani. Ukikatika, usiuunge kwa koaksia ya antena.

Impidansi (ukinzani kwa umeme unaobadilika) niliipima kwa NanoVNA, kipimo kidogo cha saketi za redio. Kwenye X10 ncha ina kama pikofaradi 16. Sasa piga hesabu: kwenye megahetsi 1 hiyo ni kiloomu 10, na kwenye megahetsi 100 ni omu 100 tu! Ile megaomu 10 inayotangazwa kwenye pakiti ni ya umeme wa moja kwa moja. Tangu nilipoiona namba hiyo, sigusi saketi ya redio bila kujiuliza kwanza kama itaubeba mzigo huo.

Upana wa bendi (megahetsi za juu ambazo probu inaweza kuzionyesha vizuri) niliupima kwa mpando wa haraka, yaani volti inayopanda ghafla, kutoka IC (chipu) ya 74AC14, iliyomalizikia kwenye omu 50. Bila probu, kwa kebo moja kwa moja, osiloskopu ilionyesha muda wa kupanda wa nanosekunde 2.0. Kwa probu, nikiwa nimetumia ile springi fupi ya ardhi (inayounganisha probu na ardhi ya saketi karibu kabisa na ncha), ikawa 3.6. Ukiondoa mchango wa kifaa na chanzo (kwa kutoa miraba kisha kutafuta kipeuo cha pili, si kwa kutoa namba zenyewe tu) probu yenyewe inabaki na nanosekunde 3.0 hivi. Gawanya 0.35 (namba ya kawaida ya kugeuza muda wa kupanda kuwa upana wa bendi) kwa hiyo, unapata karibu megahetsi 117. Kwa bei hii, nimeridhika kabisa.

Kisha nikarudisha waya mrefu wa ardhi wenye klipu ya mamba, ule ambao karibu sote tunautumia kila siku. Mpando uleule ukaruka theluthi moja juu ya kipimo chake, ukaendelea kutetemeka kila nanosekunde 9. Sentimita 15 za waya zina kama nanohenri 150 za induktansi (tabia ya waya kupinga mabadiliko ya mkondo), na zikikutana na zile pikofaradi 16 zinatetemeka karibu na megahetsi 100. Nafikiria ni transista ngapi za pawasaplai zimelaumiwa kwa mtetemo ambao haukuwa wao, na inaniuma.

Malalamiko yangu ni mawili. Probu moja kati ya hizi mbili, skrubu yake ya kusawazisha ilifika mwisho kabla wimbi la mraba la kilohetsi 1 halijanyooka. Duka lilinibadilishia baada ya kuvutana siku tatu. Na springi ya ardhi imekuja moja tu kwa jozi nzima, ilhali ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote kwenye pakiti. Ya pili nimeisokota kwa waya wa shaba wa milimita 0.8, na inafanya kazi sawa na ya kiwandani.