TAHADHARI: yule "kaka" anayepangisha yurti Mille Lacs ni TAPELI, msitume hata senti

Wadau wa Minnesota na majirani zetu wa Wisconsin na Dakota, naandika hii vidole vinatetemeka kwa hasira. Mke wangu kasema nisiandike maana ni aibu, mi nimesema potelea mbali, aibu nishaipata na hela imeshaenda, bora nyie msiliwe. Kuna mtu anatangaza yurti (lile hema la duara) ya kupangisha kule ziwa Mille Lacs kwa wanaoenda kuvua kwenye barafu wikiendi. Hakuna yurti. Narudia, HAKUNA YURTI. Na huyo mtu anaongea Kiswahili kama mimi na wewe, hapo ndipo aliponimaliza.

Mliokuwepo kwa Baba Neema siku ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Novemba, mnajua ilivyoanza, nilivyochekwa kwamba sijawahi kuvua kwenye barafu. Mi nikasema mbele za watu, tena nimesimama, kwamba mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, hawezi kukaa jimbo la maziwa 10,000 miaka sita hajavua hata samaki mmoja wa barafuni, na kwamba wikiendi ya MLK, sikukuu ya Martin Luther King mwezi Januari, napanga mimi kila kitu, wao walete hela tu na nguo nzito. Familia tatu, wakubwa sita watoto wanne. Kwa hiyo mjue kabisa nilikuwa nimeshajifunga mdomo mwenyewe, nikikosa sehemu ya kulala nachekwa mpaka Pasaka.

Tangazo nililiona usiku nikiwa kazini kwangu kwenye kutunza wazee, wenyewe wamelala. Picha sita. Asiyejua yurti ni lile hema la duara la Wamongolia, ukuta wa fito zinazokunjwa kama geti la duka, juu kitambaa kizito, katikati jiko la kuni na bomba lake limetokeza nje. Picha ya ndani vitanda vya ghorofa, kuni zimepangwa ukutani vizuri mno, mwanga wa taa wa njano njano. Picha ya nje ziwa lote jeupe na vile vibanda vya wavuvi mbali kama vibiriti. Dola 220 kwa usiku. Nikaandika kwa Kiingereza, kwa adabu, kama ipo available tarehe hizi na hizi. Dakika mbili haijaisha jibu likaja: "Kaka, mbona tunaongeshana kizungu?"

Jamani. Nilicheka peke yangu pale kwenye korido. Ameona jina langu tu kanijua.

Kuanzia hapo ni voisi. Sauti ya mtu mzima, mpole, anaongea kama yuko jikoni anasubiri chai ichemke. Akasema yeye yuko huku toka zamani, ameoa huku, mkwe wake ndio mwenye eneo. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Ukerewe, akaanza kunitajia Nansio, kivuko, sangara, akasema yeye kasoma sekondari Mwanza. Alafu akanyamaza kidogo humo humo kwenye voisi, akashusha pumzi, akasema "kaka mi MV Nyerere ilinichukulia mama mdogo." Mnaonijua mnajua tarehe 20 Septemba 2018, kivuko hicho kilipozama karibu na Ukara, ilituachaje pale nyumbani. Nilikaa na simu mkononi sijui dakika ngapi. Sikumuuliza swali lingine la maana baada ya hapo, nasema ukweli, ningemuulizaje mtu wa msiba mmoja na mimi kwamba nionyeshe hati ya nyumba?

Na msidhani alikuwa mbumbumbu wa uvuvi. Ndio maana nawaambia msinicheke haraka. Alinitumia video ya tundu kwenye barafu na rula imesimama ndani, inchi 17. Akanieleza kwamba watu wa maliasili wa jimbo, DNR, wanashauri inchi 4 za barafu nzuri kwa mtu wa miguu na gari dogo 9 mpaka 10, kwa hiyo tusiogope. Akasema samaki wa pale ni wolai (walleye), wale macho yanang'aa ukiwamulika tochi, wanakula jua linapozama na alfajiri, mchana mnapumzika tu, na tusichelewe maana msimu wao unafungwa mwisho wa Februari. Alafu, sikilizeni hii, akanikumbusha kwamba kila mwenye miaka 16 na kuendelea lazima awe na LESENI, tukanunue mapema, askari wa DNR wanapita na pikipiki za theluji kukagua. Tapeli gani anakukumbusha leseni? Mimi nikajua huyu ni mtu wa sheria.

Sasa siku ya kutuma hela. Nimetoka dabo, masaa 16, nipo kwenye gari paking ya kazini, kioo chote ukungu, hita haijashika. Yeye anasema kuna Wazungu kutoka Iowa wanaitaka hiyo hiyo wikiendi na wako tayari kulipa zaidi, "ila mi nakushikia wewe kaka damu ni damu, nipe tu mpaka saa tatu usiku." Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Siku mbili dola 440, dipoziti ya uharibifu 150, kibanda cha kuvulia na mashimo tayari yametobolewa kwa keekee dola 120. Jumla 710. Nikafungua app ya benki, ile ya kutuma papo hapo, nikaweka namba, likatokea jina la mwanamke. Nikamuuliza. Akasema ni mke wake, yeye akaunti yake kwa sasa ina mambo ya kodi. App yenyewe ikaniandikia kabisa, je unamfahamu huyu mtu, tuma kwa unaowaamini tu. Nakumbuka nimeisoma ile sentensi. Niliisoma, nikasema kimoyomoyo "namfahamu", nikabonyeza. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile rangi ya kitufe.

Kesho yake akarudi, kuna dola 40 ya barabara ya barafuni. Na hiyo nayo ni kweli ipo! Wenye kambi pale Mille Lacs wanasafisha theluji na kutengeneza barabara juu ya ziwa alafu ukipita na gari lako unalipia. Nikaguglu, nikaona kweli, ndio nikazidi kumwamini. 40 ikaenda. 750 kamili, 250 kwa kila familia, hela za watu hizo.

Ijumaa tumetoka Brooklyn Park saa kumi jioni gari mbili, barabara ya 169 moja kwa moja, Elk River, Princeton. Watoto wanaimba. Nyuma tuna ndoo ya vidagaa hai vya chambo, nilivinunua mwenyewe, nikawa nawahadithia watoto jinsi tulivyokuwa tunavua dagaa kwa karabai usiku usio na mbalamwezi na mzee wangu. Tulipofika Milaca ikaingia meseji: "Karibuni kaka, nimeshawasha moto."

Nimeshawasha moto. Alikuwa anatuchekea akiwa amekaa kwenye kochi lake sijui wapi huko duniani.

Lokesheni ikatupeleka upande wa Isle, barabara ya changarawe, miti pande zote, giza, hakuna taa. Nyuzi 11 chini ya sifuri za Fahrenheit, yaani kama 24 chini ya sifuri zetu za nyumbani, na upepo unatoka ziwani. Njia ya kuingia haijasafishwa, theluji imefika magotini na hakuna alama ya tairi wala kiatu. Hapo moyo ukaanza. Nikashuka na tochi nikatembea. Na mnajua kilichonivunja? Sakafu ipo. Jukwaa la mbao, duara kabisa, limefunikwa theluji, ngazi tatu za kupandia. Hema hakuna. Nikapanda pale juu nikasimama katikati, pale ambapo kwenye picha palikuwa na jiko, nikampigia. Inaita, inakatwa. Nikapiga tena, haiiti. WhatsApp tiki moja. Picha ya profaili imepotea. Kanibloku nimesimama sebuleni kwake!

Mke wangu yuko kwenye gari anapiga honi kuuliza kama ndio hapa. Nilishindwa kurudi. Kweli kabisa, nilikaa pale juu kama dakika tano najifanya natafuta mlango.

Aliyetusaidia ni mzee jirani, Mzungu wa makamo ya juu, alipita na pikapu yenye bledi la kusukumia theluji, akatuuliza kwa upole tumepotea? Nikamwonyesha picha. Akacheka kwanza alafu akaona watoto akaacha. Akasema hema lilikuwepo kweli, theluji ililielemea majira mawili ya baridi yaliyopita likapasuka, mwenyewe akalibomoa, na hapangishi mtu. Picha zote ni za zamani za tangazo lake, kaibiwa tu na yeye. Mzee akatupeleka kwake tukapata kahawa, watoto wakalishwa biskuti, alafu akatutafutia moteli, vyumba vitatu, bei ya sikukuu, sitaki hata kuitaja. Jumamosi alitutobolea mashimo mawili karibu na ufukweni, na barafu ile inanguruma chini ya miguu kama ngoma, Mama Neema akakimbia kurudi kwenye gari na hakutoka tena. Tukapata wolai mmoja, kapima mzee akasema kipimo hakiruhusu, tukamrudisha. Baba Neema akasema "sasa mvuvi kavuliwa" na toka siku hiyo ndio jina langu kwenye grupu.

Nimeripoti kwa sherifu, nimeripoti kwenye ule mtandao wa FBI, IC3. Benki wanasema hela umetuma mwenyewe kwa mkono wako, hatuna la kufanya. Mi nasema huyu mtu akikamatwa asipelekwe jela ya kula bure na kuangalia tivii. Nipewe mimi. Nitoboe tundu kubwa la inchi 10 nimkalishe pembeni na kaptula, ashike fimbo ya kuvulia mpaka apate samaki 75, kila samaki dola kumi. Na kama kweli ni Mtanzania arudishwe akasimame pale Ukara kwenye yale makaburi aseme mama yake mdogo alikuwa nani. Hela nitaitafuta, shifti zipo. Lakini umechukua maiti zetu ukazifanya chambo, wewe ni mtu au nini?

Haya, mnaniuliza kwenye inboksi dalili zilikuwa zipi. Zilikuwepo, mimi ndio nilikuwa sioni. Kila nikitaka video call eti netiweki ya ziwani mbovu, ila voisi na video za rula zinapanda fasta. Jina la akaunti. Ile ya saa tatu usiku. Na ile video ya rula shemeji kaikuta mtandaoni, ni ya mtu mwingine kabisa na wala sio ziwa hilo. Shemeji huyo huyo ndio ananiambia SASA kwamba yurti za kweli za kupangisha zipo kwenye hifadhi za jimbo, Glendalough, Cuyuna, hata Afton hapo karibu, unabuku kwa DNR wenyewe kwa kadi. Shemeji ulikuwa wapi Desemba?

Na kuna mtu kaniambia jamaa bado yupo, kabadilisha jina, sasa hivi ana "kibanda cha kulala" kwenye ziwa jingine, Lake of the Woods, sauti ile ile. Mwenye voisi yake mpya anitumie, ninazo kumi na moja za zamani tulinganishe. Namba yake siiweki hapa maana naambiwa huenda ni namba ya mtu aliyeibiwa, njoo inboksi nitakupa skrinshoti.

Mama Junior 250 yako nitakupa Ijumaa, tafadhali usinipigie tena nikiwa shifti.