Uzoefu wangu: fundi wa televisheni za chogo, Kariakoo

Fundi huyu nampa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyomnyima inahusu risiti. Kibanda chake kipo Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi, na bado anapokea televisheni za chogo, kazi ambayo mafundi wengi wa mjini wameiacha tangu flati zilipojaa madukani. Televisheni yangu ni ya inchi 21. Matangazo ya analojia yalipozimwa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012 niliiunganisha na king'amuzi kwa nyaya za AV, ikaendelea kutumika bila shida hadi picha ilipoanza kuharibika.

Ubovu wenyewe ulikuwa wa namna mbili. Kila asubuhi nilipoiwasha, sehemu ya juu ya picha, kiasi cha upana wa vidole vinne, ilijikunja na kupitiwa na mistari myeupe, kisha ikajinyoosha yenyewe kadiri televisheni ilivyopata joto. Pili, kwenye kona ya chini kulia palikuwa na doa la kijani ambalo halikuondoka hata nilipobadilisha chaneli. Fundi wa mtaani kwetu Magomeni aliitazama mara moja tu na kutamka kwamba kioo kimekufa, nitafute flati.

Huyu wa Kariakoo hakugusa bisibisi kwanza. Aliiwasha ikiwa baridi, akavuta kiti na kuitazama. Kisha akachukua rimoti ya televisheni, akafungua menyu yake ya kurekebishia sauti na mwanga, akanionyesha kwamba hata maandishi ya menyu yalipinda yalipofika juu. Kwa kuwa menyu hiyo huchorwa na televisheni yenyewe, alisema, king'amuzi na nyaya zake havina kosa. Kama maandishi yangekuwa safi huku picha ikiwa mbovu, angeanza kwa kubadilisha nyaya za AV, ambazo ni ubovu wa bei rahisi kuliko wote. Jaribio hili linaweza kufanywa na mtu yeyote nyumbani, na kwa maoni yangu linastahili kutangulia nauli ya bajaji.

Kuhusu kioo, maelezo yake yaliniingia akilini. Kioo kinachochoka hutoa picha hafifu, inayochelewa kutokea na yenye ukungu, na mara nyingi rangi moja hutangulia kufifia. Hakiwezi kukunja sehemu ya juu peke yake na kuacha sehemu nyingine ikiwa sawa. Mwale unaochora picha hushuka kutoka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde, na kila ukifika chini hurudishwa juu kwa haraka sana. Kurudi huko kunahitaji volti kubwa kuliko kushuka, na kuna kapasita (kifaa cha kutunza umeme) moja ndogo, jirani na aisii ya wima, yaani chipu inayoushusha na kuupandisha mwale, inayosaidia kuipandisha volti hiyo. Kapasita ikikauka, mwale huchelewa kufika juu, nao mstari wa kwanza huanza kuchorwa ukiwa bado njiani. Kwa kuwa ubovu wangu ulipungua kadiri joto lilivyopanda, aliitilia shaka kapasita. Ungekuwa unatokea na kupotea kila akiligonga kasha kwa mpini wa bisibisi, angetafuta lehemu iliyopasuka.

Ndipo akafungua. Kabla ya kuingiza mkono alichomeka bisibisi yenye waya chini ya kile kifuniko cha mpira kilicho mgongoni mwa kioo, ikasikika "tak!", kwa sababu kioo hubaki na umeme hata baada ya plagi kutolewa, na televisheni ya rangi ya ukubwa huu hufanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000 hapo. Wanaopenda kujitengenezea wenyewe waishie kwenye menyu na nyaya. Kapasita aliyoitoa ilionekana nzima, kichwa bapa, haikuvimba wala kuvuja, lakini mita haikusoma hata nusu ya mikrofaradi 100 zilizoandikwa ubavuni. Aliweka mpya inayovumilia nyuzi 105 badala ya ile ya nyuzi 85, akazipitia upya lehemu za aisii kwa kuwa kasha lilikuwa wazi tayari.

Lile doa la kijani halikumgharimu spea yoyote. Aliniuliza spika zipo wapi, nami nikamwambia kwamba sabufa imekaa upande wa kulia wa televisheni. Sumaku yake ndiyo iliyopotosha rangi. Aliniagiza niisogeze mbali, halafu niwe nazima kwa kitufe cha televisheni, kwa kuwa koili ya kuondoa sumaku hufanya kazi pale tu umeme unapoingia televisheni ikiwa imepoa, na katika televisheni kama yangu kuzima kwa rimoti hakuikati umeme wote. Doa lilififia kidogo kidogo hadi likaisha.

Nililipa Sh 25,000 kwa jumla, ikiwemo Sh 5,000 ya uchunguzi ambayo hutozwa hata ukiamua kutotengeneza. Mimi naiona ni halali, maana uchunguzi ndio kazi yenyewe. Dhamana ya miezi mitatu aliitoa kwa mdomo, na risiti niliipata baada ya kuidai, tena kwenye kipande cha karatasi. Spea aliyoihitaji alikuwa nayo, ila aliniambia kwamba wenye ubovu wa flaibeki, yaani transfoma inayokipa kioo umeme wake mkubwa, husubiri, kwa kuwa sasa nyingi hung'olewa kwenye televisheni kuukuu.

Anayetaka kumpelekea yake aende asubuhi, na asiiwashe nyumbani kabla ya kuondoka, kwani ikifika kibandani ikiwa ya moto ubovu wa aina hii hauonekani, naye atakuambia uiache hadi kesho.