Sedumu za kuchanua mwisho wa msimu: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Jamani, watu wengi wakienda kununua sedumu, ile mimea ya majani manene yenye vishada vya maua, wanaangalia rangi ya ua tu, basi wanabeba. Angalia shina kwanza! Huu mmea ukishafika nusu mita, vishada vikajaa na mvua ikapiga, shina legelege linalala lote chini, katikati panabaki wazi kama sehemu kuku alipoatamia, na wewe umesubiri miezi yote hiyo uone maua. Mimi ilinitokea na chungu kikubwa nilichokinunua kikiwa kinachanua tayari, kumbe kilikuzwa kwa mbolea nyingi, wiki ya pili tu kimelala na hakikuinuka tena msimu ule. Tangu hapo napanga sedumu kwa ugumu wa shina, rangi baadaye.

Kitu kimoja kuhusu lebo: hizi za kuchanua mwisho wa msimu wataalamu wameshazitoa kwenye jenasi (kundi la mimea ya karibu) ya Sedum wakaziweka Hylotelephium, kwa hiyo ukikuta jina lolote kati ya hayo mawili usidhani unauziwa mmea mwingine.

Namba moja kwangu ni Matrona. Shina lake ni nene, jekundu linaloelekea zambarau, majani ya kijivu yenye kingo za zambarau, maua pinki ya kupauka, inafika sentimita 60 mpaka 75 na bado inasimama. Yaani hata kabla haijachanua unaifurahia.

Namba mbili ni Herbstfreude, wengi wanaijua kama Autumn Joy, ni chotara aliyetoka kwenye kitalu cha Mjerumani Georg Arends miaka ya 1950 na mpaka leo ndiyo inayopatikana kirahisi kuliko zote. Raha yake ni kubadilika: vitumba vinaanza kijani kama brokoli, vinakuwa pinki, halafu nyekundu ya tofali, mwisho kahawia ya kutu, na hata maua yakikauka usiyakate, yanapendeza baridi nzima. Kilichoishusha ni kwamba ukiipa udongo wenye rutuba inalala, na kila miaka mitatu minne inabidi uichimbue uigawe la sivyo katikati panafunguka.

Tatu, Brilliant. Asili ya spishi yake ni Uchina na Korea, pinki yake ni kali kweli, na kama unapanda kwa ajili ya vipepeo na nyuki basi wewe ipandishe iwe namba moja, maana mwisho wa msimu inapochanua maua mengine mengi yameshakwisha na wao wanahangaika kutafuta chakula.

Nne, Vera Jameson, fupi, sentimita 25 hadi 30, majani ya zambarau. Hii inatambaa kidogo kwa asili yake, kwa hiyo nzuri kwenye chungu au ukingo wa ukuta inapoweza kuning'inia.

Purple Emperor ina majani meusimeusi mazuri sana ila ikikosa jua la kutosha rangi inafifia, naiweka ya tano. Ya mwisho Frosty Morn, ile yenye majani ya kingo nyeupe: inachipua matawi ya kijani tupu na usipoyakata yanaimeza yote, kwa anayeanza ni kazi.

Ukifika kwenye miche usichukue ile ndefu iliyochanua. Chukua chungu kidogo, inama uangalie chini kwenye udongo, unataka kuona vichipukizi vitatu au zaidi vilivyobana kama vikabichi vidogo. Udongo ukiwa tope tope, shina laini pale chini, au kuna vidudu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, rudisha. Mbegu usinunue kama unataka aina maalum, watoto hawatatoka kama mama. Na chungu kimoja kinatosha kabisa! Kata kipande cha sentimita 10, toa majani ya chini, kiache siku moja au mbili kidonda kikauke, chomeka kwenye udongo wenye mchanga, hapo una mche wa pili bure.

Ukishapanda, jua kwa muda wa saa sita kwa siku au zaidi, udongo unaopitisha maji, na samadi weka kwingine. Mwagilia mpaka ishike mizizi, baada ya hapo iache. Majani yale manene ni tangi, na ukame ukizidi mmea huu unaweza kufunga matundu ya majani mchana ukayafungua usiku ili maji yasipotee, hivyo kiu kidogo ndiyo inaufanya uwe mfupi na mgumu. Ukiona bado unalegea, msimu ukianza na mashina yakiwa na sentimita 20 hivi yakate nusu, maua yatachelewa kidogo na vishada vitakuwa vidogo ila havilali.

Lakini kabla hujatoa hela, jiulize kama unapoishi kuna msimu wa baridi. Hizi zote zinataka kupumzika, zinakufa juu na kuchipua upya, barafu haizisumbui, ila joto la mwaka mzima linazidhoofisha. Kama kwako hakuna baridi mimi nasema nunua kalanchoe, ni ukoo uleule, ile ya maua inayouzwa sana asili yake Madagaska, na kiu inavumilia vilevile.