Protégé kwa takwimu za mikorosho: uzoefu wangu, Mtwara

Majedwali yangu ya Excel yalikuwa matatu: la Masasi, la Newala na la Tandahimba. Ugonjwa uleule wa mikorosho umeandikwa "ubwiriunga" hapa, "ubwiri unga" pale, na "Oidium" kwingine. Ukijumlisha unapata magonjwa matatu. Kwa kuondoa vurugu hii, Protégé, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Stanford ya kupanga vitu katika makundi na kueleza uhusiano wao, naisifu bila kusita.

Nilitengeneza kundi Ugonjwa, chini yake Ubwiriunga, Blaiti na MnyaukoFusari, nikatangaza kwamba hayaingiliani. Kila ugonjwa una kitambulisho kimoja tu. Majina mengine yote, hata yenye makosa ya tahajia, yanakaa kama lebo. Mistari ya Excel niliiingiza kwa Cellfie, kiongezi cha Protégé. Kabla ya hapo futa nafasi tupu mwishoni mwa maneno, la sivyo Newala moja inaweza kuwa mbili.

Panaposumbua ni mantiki ya OWL yenyewe, lugha ambayo Protégé huandikia makundi na sifa hizo. Niliuliza mashamba ambayo hayajapulizwa salfa; HermiT, programu ndani ya Protégé inayotoa hitimisho kutokana na ulichoandika, ikaleta sifuri. Haijakosea. Kwa OWL, kisichoandikwa hakijulikani, haina maana kwamba hakipo: huenda salfa ilipulizwa na karani hakuandika. Swali la aina hiyo liulize kwa SPARQL, lugha ya kuulizia data, kwa amri ya FILTER NOT EXISTS. Kukagua safu zilizoachwa wazi ni kazi ya SHACL, lugha ya kuandika masharti ambayo data lazima itimize.

Mtego mbaya zaidi uko kimya. Sifa ya "wilaya" niliitia alama ya Functional, yaani shamba lina wilaya moja. Shamba moja likaja na Masasi kwenye jedwali hili, Newala kwenye lile. Nilitegemea HermiT ipige kelele. Badala yake ikahitimisha kuwa Masasi na Newala ni kitu kimoja! OWL haichukulii kwamba majina mawili ni vitu viwili mpaka uiambie. Tangaza wilaya zote kuwa tofauti, endesha tena: sasa inagoma, na maelezo yake yanaonyesha kauli zinazogongana. Fanya hivyo siku ya kwanza kabisa, kwa wilaya, vijiji na vyama vya msingi.

Mikorosho ikifika maelfu, HermiT inazidiwa. Bakiza makundi na sifa ndani ya Protégé, rekodi zihamishie Jena Fuseki, hifadhidata inayojibu maswali ya SPARQL. Na ukihifadhi chagua muundo wa faili uitwao Turtle. Faili lake linasomeka kwa macho hata bila programu.