Duka la kuazimisha riwaya la Ngamiani na jozi zake za vitabu

Katika mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani, jijini Tanga, pana chumba cha mbele ya nyumba ambacho mama mmoja, mwalimu mstaafu, amekigeuza kuwa duka la kuuza na kuazimisha vitabu vya mtumba. Nimekuwa mteja wake kwa miezi mitatu, na kwa kuwa sijaona huduma nyingine ya namna hii hapa mjini, nimeona ni haki niieleze kwa kirefu.

Utaratibu wake ni mwepesi. Mteja huweka dhamana ya shilingi 10,000, huandikwa daftarini, kisha hulipa shilingi 1,500 na kuondoka na vitabu viwili kwa muda wa wiki mbili. Nasema viwili kwa sababu mwalimu haazimishi riwaya moja. Yeye huvifunga vitabu kwa uzi wa katani, kimoja cha ng'ambo na kimoja cha kwetu, akiwa ameridhika kwamba vyote viwili vinauliza swali lile lile. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, nikamwomba kitabu kimoja tu, akanijibu kwa upole, "Marahaba mwanangu, hicho peke yake hakitakutosha." Nilidhani ni maneno ya biashara. Baada ya kusoma nimekubali kwamba alisema kweli.

Jozi niliyopewa ni The Great Gatsby ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, iliyochapishwa mwaka 1925, pamoja na Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Azimio la Uhuru la Marekani la mwaka 1776 linataja miongoni mwa haki za binadamu uhai, uhuru na kutafuta furaha. Neno lililochaguliwa ni kutafuta, wala si kupata, na riwaya ya Fitzgerald nimeisoma kama hadithi ya mtu aliyeliamini neno hilo kwa moyo wote akapotea njiani. Gatsby ni mtoto wa wakulima maskini wa North Dakota aliyebadili jina lake, akajitajirisha kwa biashara ya pombe katika miaka ambayo pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchini humo, akanunua jumba kubwa ng'ambo ya maji mkabala na nyumba ya mwanamke aliyempenda ujanani, ambaye sasa ni mke wa tajiri mwingine. Usiku husimama akiitazama taa ya kijani iliyoko kwenye gati la nyumba hiyo. Mimi sehemu hiyo niliisoma jioni nikiwa nimekaa Bustani ya Jamhuri, taa za meli zilizotia nanga zikiwa zimekwisha kuwashwa, na sikuhitaji mtu wa kunieleza jinsi kitu kinavyoweza kuonekana karibu kwa sababu tu kinawaka.

Hata hivyo, ukurasa ulionigusa zaidi uko karibu na mwisho, baada ya Gatsby kuuawa. Baba yake mzee anafika na kitabu cha zamani ambacho mwanawe, alipokuwa kijana, aliandika ndani yake ratiba ya siku: aamke saa 12 asubuhi, afanye mazoezi ya viungo, asome habari za umeme, afanye kazi, aweke akiba, awatendee wazazi wake vizuri zaidi. Hakuna ubaya hata mmoja katika ratiba hiyo. Mzazi yeyote wa hapa Tanga angefurahi kuikuta chini ya mto wa mwanawe. Ndipo nilipoona kwamba mwandishi hailaumu bidii, bali anaonyesha jinsi taifa lilivyomwachia kijana mwenye bidii kipimo kimoja tu cha kujipimia, yaani fedha. Kisha yanakuja mazishi. Watu waliokuwa wakifurika kwenye karamu zake kila mwisho wa wiki hawaonekani. Wanaozika ni wachache mno. Kwetu pwani, ambako heshima ya mtu hutazamwa kwa safu za wanaomsindikiza kaburini, sura hiyo haisomeki kwa haraka.

Ukishaweka chini kitabu hicho, mkono unakwenda wenyewe kwa Utubora. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, si mbali na mji huu, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwa hiyo aliijua vizuri kazi ya meza na mshahara wa mwisho wa mwezi. Shujaa wake anaiacha kazi ya ofisini iliyokuwa ikimlipa vizuri, anakwenda kushika jembe, na furaha anaikuta katika kazi ambayo matunda yake anayaona kwa macho. Mwandishi alifariki Juni 1962, Tanganyika ikiwa na miezi sita tu ya uhuru. Riwaya ikatoka mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Si vigumu kuelewa kwa nini kizazi cha wakati huo kiliisoma kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya siasa ya kujitegemea, ingawa yeye hakuwahi kuisikia siasa hiyo ikitangazwa.

Nisifiche pia udhaifu wake. Utubora ni mwema kupita kiasi, jina lake limekwisha kumhukumu kabla hajatenda lolote, na mara nyingi nilitamani nimwone akishawishika, akijuta japo usiku mmoja. Gatsby ana majeraha yote ambayo Utubora hana. Lakini Gatsby naye hana mahali pa kupumzika, na msomaji akimaliza hana pa kwenda. Kila kitabu kinatoa kile ambacho mwenzake amekinyima, na hii ndiyo sifa kubwa ya mwalimu huyu kama mfanyabiashara: anajua bidhaa yake kuliko duka lolote la vitabu nililowahi kuingia. Ndani ya jalada la mwisho hubandika karatasi ambamo wasomaji huandika maoni yao. Katika nakala yangu mmoja alikuwa ameandika habari za mashamba ya mkonge aliyokulia, akakumbusha kwamba hata utajiri wetu uliingia na miche 62 mwaka 1893 na ukapungua nyuzi za viwandani zilipoenea, na akauliza waliobaki walirithi nini. Niliisoma karatasi hiyo mara nyingi.

Jozi ya pili ninayo nyumbani sasa: Utopia ya Thomas More ya mwaka 1516 na Kusadikika ya Shaaban Robert ya mwaka 1951. Katika ya kwanza, wananchi hutengeneza kwa dhahabu vyombo vya haja na minyororo ya watumwa ili mtu yeyote asiitamani. Katika ya pili, wajumbe sita wanaotumwa nchi za jirani wakatafute mambo ya kuistawisha nchi yao wanarudi na kutupwa gerezani. Bado sijaimaliza.

Kasoro za huduma zipo. Nakala yangu ya Utubora Mkulima ilikosa kurasa nne katikati. Nilipolalamika, mwalimu alinipa kurasa hizo zikiwa zimetolewa fotokopi bila malipo, lakini ilinilazimu kusubiri siku tano, na ingefaa vitabu vikaguliwe kabla ya kufungwa uzi. Maandishi ya The Great Gatsby ni madogo, na Kiingereza chake kitamsumbua asiyekizoea. Wiki mbili ni chache kwa mtu aajiriwaye kutwa, na nimeomba muda uwe wiki tatu, ameahidi kulifikiria. Duka hufungwa adhuhuri hadi baada ya alasiri, na Ijumaa halifunguliwi kabisa. Mteja mpya aje na kitambulisho na dhamana kamili, na akipenda kuchaguliwa jozi, amweleze mwalimu kitabu cha mwisho alichokisoma na kilichomkera ndani yake.