Marumaru za ukuta wa jikoni: mashine ya mkono au grenda?

Mafundi wa Ujiji na Mwanga, Kigoma, hawaishi kubishana juu ya kifaa cha kukatia vigae hivi. Kwa mkato ulionyooka naipenda mashine ya mkono: unachora mstari mmoja kwa kigurudumu chake, unabonyeza, kigae kinapasuka kwenye mstari bila vumbi, hata umeme ukikatika. Matunzo yake ni kubadilisha kigurudumu kikiwa butu. Ila haikati tundu la soketi.

Hapo ni kazi ya grenda yenye diski ya almasi. Ukingo hubaki na meno meno, lakini kava ya soketi huyaficha. Ukibadili diski hukata hata nondo, hivyo pesa yake haiendi bure. Vumbi lake huharibu mapafu. Katia nje, vaa miwani na barakoa.

Ukuta mmoja wenye soketi tatu? Grenda yatosha. Unayeishi kwa kazi hii, anza na ya mkono.