Dawa ipi ununue kusafishia kizimba cha chatu baada ya ugonjwa wa virusi

Chatu anapougua virusi vya njia ya hewa, ute unaomtoka kinywani hubaki kizimbani hata baada ya yeye kuhamishwa au kufa, na nyoka atakayeingizwa humo baadaye huukuta. Kwa mwenye kibali cha kufuga nyoka hapa Tanga, ninaomba ununue kwanza brashi ngumu na sabuni ya unga, kwa sababu hakuna dawa ninayoitaja hapa inayopenya kinyesi au ute uliokauka. Nilipoosha kizimba chetu, kioo kiling'aa nikadhani nimemaliza, lakini nilipochomoa milango kwenye reli zake nilikuta mstari mzima wa gamba la manjano, ambalo lilibanduka kwa mswaki wa zamani na maji ya moto.

Nafasi ya kwanza naipa Jik ya kawaida, isiyo na manukato, yenye hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 3.5. Kikombe kimoja kichanganywe na vikombe tisa vya maji. Virusi vinavyowasumbua sana chatu, yaani nidovirusi vilivyotambuliwa kwao mwaka 2014, pamoja na arenavirusi na ferlavirusi, vina utando wa mafuta kwa nje, na klorini huuharibu utando huo alimradi sehemu ibaki imelowa kwa dakika 10. Adui wa Jik ni joto letu la pwani: chupa iliyopangwa juani mbele ya duka huwa imeshapungua nguvu, kwa hiyo chukua iliyokaa kivulini, uichanganye siku hiyohiyo. Usiitie siki wala dawa yenye amonia, kwani hutoka gesi ya sumu.

Ya pili ni Virkon, unga wa rangi ya pinki unaouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, ambako wafugaji wa kuku huununua kwa ajili ya kideri. Na kwa kweli virusi vya kideri na ferlavirusi ni wa ukoo mmoja. Gramu 10 kwa lita moja ya maji zinatosha. Huvumilia mabaki ya uchafu kuliko Jik, na ni bei tu iliyoishusha. Mwenye vizimba vingi aiweke ya kwanza. Vaa barakoa unapoupima unga wake.

Spiriti ya asilimia 70 inafaa kwa koleo na ndoano za kushikia nyoka, lakini kwenye kuta za kizimba hukauka kabla ya kufanya kazi, tena ni hatari karibu na taa ya joto.

Dettol, pamoja na dawa nyeusi za choo zenye fenoli, usizinunue kabisa kwa kazi hii. Fenoli ni sumu kwa nyoka. Siki nayo haitoshi.

Gogo la kujifichia, mbao na matandazo vichomwe, hata kama viligharimu fedha nyingi, maana mbao hunywa ute na dawa haiufuati ndani. Kagua pia utitiri kwenye pembe, kwa sababu unashukiwa kueneza arenavirusi. Kizimba kisuuzwe mara mbili, kianikwe hadi harufu ya klorini iishe, na nyoka wengine waliokuwa chumba kimoja na mgonjwa wawe na brashi na beseni lao, wahudumiwe wa mwisho.